Asilimia 3.1 haikuwa uongo

Mwishoni mwa 2025 zilisambaa video zikidai kwamba nyotamkia 3I/ATLAS inakuja kuigonga Dunia na NASA inaficha. Tarehe 19 Desemba ikapita zake, umbali wa karibu kilomita milioni 270, ambao ni karibu mara mbili ya ule ulio kati yetu na Jua. Kukanusha dai kama hilo si kazi. Kazi ni kumjibu anayesema: hawa wanasayansi jana walitoa namba hii, leo wametoa ile, niwaamini vipi?

Wenye hoja hiyo huitaja asteroidi 2024 YR4, yaani mwamba unaolizunguka Jua. Ilionekana kwa darubini iliyoko Chile tarehe 27 Desemba 2024, ikakadiriwa kuwa na upana wa mita 40 hadi 90. Mwisho wa Januari uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipita asilimia 1. Februari 7 ukafika 2.3, na Februari 18 ukafika 3.1. Ukanda ambao ingeweza kuangukia ulitajwa, na Afrika ilikuwemo. Siku mbili baadaye namba ilishuka hadi 0.28, na kabla mwezi haujaisha hatari ikawa kama haipo. Ukiitazama juujuu, utasema kuna mtu aliyekuwa akituchezea.

Hapo ndipo wanasayansi wanapoonewa. Chukua mbuzi aliyepotea katika kijiji chenye nyumba mia moja. Nafasi ya kuwa uani kwako ni asilimia 1. Nyumba sabini zikishapekuliwa bila kumpata, nafasi yako inazidi asilimia 3, ingawa mbuzi hajasogea hata hatua. Akionekana kwa jirani, yako inakuwa sifuri papo hapo. Kila usiku wa vipimo ulipunguza eneo ambalo YR4 ingeweza kupita mwaka 2032, na kwa wiki kadhaa Dunia ilibaki ndani ya eneo hilo lililokuwa likisinyaa. Kwa hiyo namba ilipanda kwa sababu ujuzi uliongezeka, na ikaanguka kwa sababu hiyohiyo. Ambayo ingenitia shaka mimi ni namba iliyoganda pale pale huku vipimo vipya vikiingia kila usiku.

Wapo wanaoshauri namba za mapema zisitangazwe, na hawasemi ovyo. Mwaka 1910 ilipotangazwa kuwa mkia wa nyotamkia ya Halley una gesi ya sumu, na Dunia ingeupita mkia huo, watu waliuziwa vidonge vya kujikinga. Mkia ule ni mwembamba mno, usingemdhuru mtu, lakini hofu ilikwisha kuingia sokoni. Hata leo, kichwa cha habari cha asilimia 3.1 husafiri mbali kuliko kile cha sifuri.

Tatizo ni kwamba kimya nacho tumekijaribu. Oktoba 2025 shughuli nyingi za serikali ya Marekani zilisimama kwa kukosa bajeti. Picha za 3I/ATLAS zilizopigwa na chombo kinachoizunguka Mirihi mwanzoni mwa mwezi huo zikatolewa Novemba 19. Pengo hilo lilijazwa na video. Kisha mtandao wa kimataifa wa tahadhari ya asteroidi ukaanzisha zoezi la kupima nyotamkia hiyohiyo, kwa kuwa ukungu wa gesi na vumbi hufanya kiini chake kiwe kigumu kulengwa. Mazoezi tu, lakini mitandaoni yakageuka kuwa "mfumo wa kuilinda Dunia umewashwa".

Na kuficha kungewezekanaje? Vipimo hukusanywa mahali palipo wazi, na mahesabu hufanyika Marekani na Italia kila upande kivyake. Nyotamkia Borisov ya 2019 iligunduliwa na mtu asiyeajiriwa na NASA, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe huko Crimea.

Lawama moja naikubali. Kwamba namba huweza kupanda kwanza ndipo ianguke, wataalamu walilisema, ila lilizikwa chini kabisa ya habari. Lingewekwa juu, kando ya asilimia yenyewe. Muda wa kujirekebisha upo: Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, na watu wa Afrika wataiona kwa macho bila darubini. Kuigonga Dunia siku hiyo kulishaondolewa kabisa kwenye hesabu, lakini Desemba 2004 iliwahi kupewa asilimia 2.7, na namba hiyo ndiyo itakayofufuliwa.