Huyo mpumbavu wa Zaburi 14 ni nani hasa?

Mi ni Mkristo, na nisemeje, bado naamini Yesu ndiye njia, sijahama popote, msinirukie. Ila kuna mstari tumeugeuza fimbo na nimechoka kuuona ukichapia watu, ule wa Zaburi 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Mtu akisema tu haamini, hata hajamaliza kujieleza, keshabandikwa huo mstari, amina zinamiminika, mjadala umeisha.

Sasa hebu isome zaburi yote, ni mistari 7 tu. Kwanza kasema MOYONI. Mdomoni inawezekana kabisa huyo mtu ni mwanakwaya. Halafu shuka mstari wa 4 uone hao watu kazi yao ni nini, wanawala watu wa Mungu kama walavyo mkate, yaani anayesemwa pale ni dhalimu, mtu anayewanyonya wenzake kwa raha zake maana anajua hakuna wa kumuuliza. Na hapa ndo huwa nacheka kabisa, Paulo anaichukua zaburi hiyohiyo kwenye Warumi 3 na anawapiga nayo wote, Wayahudi kwa Wayunani, hakuna mwenye haki hata mmoja, kwa hiyo ukimrushia jirani yako asiyeamini ujue umekurudia na wewe.

Kitu kingine nilichogundua, mtu wa dini nyingine tunamvumilia kuliko ateisti. Mwislamu au Mhindu tunamwona kapotea njia lakini angalau yuko safarini, anafunga, anasali, ana kitu anakiogopa. Huyu asiye na dini tunamwona gari lisilo na breki. "Kama hamwogopi Mungu, nini kitamzuia asiibe?" Wala si hoja ya jana, John Locke mwenyewe, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye barua yake ya kutetea uvumilivu wa dini ilitoka mwaka 1689, aliwaacha nje wasioamini kwa madai kwamba ahadi na viapo haviwashiki. Na pale Uingereza Charles Bradlaugh, ateisti asiyejificha, alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akaomba athibitishe tu utii wake bila kuapa kwa jina la Mungu, wabunge wakakataa, akasema basi niapisheni, wakakataa pia, watu wa Northampton wakawa wanamchagua tena na tena mpaka 1886 ndo akaruhusiwa kuapa na kukaa. Fikiria hapo, asiyeamini ambaye angefunga mdomo wake angeapa siku ya kwanza na kukaa. Aliyefungiwa mlango ni yule aliyesema ukweli, halafu tunasema hawaaminiki.

Tena sisi wenyewe tuliwahi kuitwa hivyohivyo. Enzi za Warumi Wakristo ndo walikuwa "wasio na Mungu", kwa sababu hawakuitolea sadaka miungu ya mji. Polikarpo, askofu wa Smirna karne ya 2, aliambiwa uwanjani aseme "Waondoeni wasio na Mungu" ili aachiwe, wakimaanisha awakane Wakristo wenzake, na masimulizi ya kifo chake yanasema aliugeukia ule umati, akaupungia mkono, akayasema maneno yaleyale. Mzee alikuwa na jeuri, nampenda bure! Lakini liangalie hilo neno linavyohama, anayelibeba ni yule asiye na uwanja siku hiyo.

Wakatoliki angalau mwaka 1965 walikaa kwenye mtaguso wao, ule mkutano mkuu wa maaskofu kule Vatikano, wakaandika kwamba hawakatai kilicho kweli na kitakatifu katika dini nyingine, sisi wengine hata kulisema hilo mimbarini bado ni kujitafutia kesi.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya asubuhi moja. Mama yangu alilazwa, simu yangu ikajaa "tunakuombea ndugu", na sidharau, maombi nayahitaji. Kuna jamaa tunafanya naye kazi, haamini chochote na hajawahi kuficha, yeye aliuliza swali moja tu, "zamu ya usiku nani anakaa?" Akakaa. Usiku 3, kwenye kiti cha plastiki, akimgeuza mama ubavu kila baada ya saa 2 kama nesi alivyomwelekeza.

Asubuhi ya tatu wakaja watu wa kanisani kwetu, tukashikana mikono kuzunguka kitanda, naye kwenye duara, macho mekundu ya kukesha. Kiongozi akaomba vizuri tu, halafu katikati, bila kupunguza sauti, akasema Bwana mfikie na huyu aliye gizani, umtoe katika upumbavu wake. Nililifungua jicho moja. Alikuwa anaitazama miguu ya kitanda, mkono wake bado uko ndani ya wangu, hakuutoa.

Na mimi nikasema amina pamoja na wengine.