Ua Limelala

Kisumu ina maua yanayolijua jua lake. Bogenvilia ukiikata leo, keshokutwa imeruka ukuta. Mimi nikaenda kupenda hosta, mmea wa Japani, Korea na China, unaotaka kivuli, unyevu na, hapo ndipo penye kazi, baridi ya kweli. Wangu ni ile aina ndogo iitwayo Mighty Mouse. Haufiki hata shubiri. Majani yake ni manene, ya mviringo kama masikio ya panya, katikati kijani cha kuelekea buluu, na ukingoni mstari wa rangi ya maziwa.

Kwao hosta hulala. Majira ya baridi yakiingia majani yote hufa, shina fupi na mizizi hubaki udongoni hadi joto lirudi. Usipolala, huchipua ukiwa mnyonge, kila mara afadhali ya jana, mwisho unajifia. Unahitaji wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 5, na hapa kwetu usiku ukishuka hadi nyuzi 17 watu wanatafuta sweta. Dawa ni friji. Niliung'oa, nikakata majani, nikaifunga mizizi kwa gazeti lenye unyevu, nikatia kwenye kopo la majarini na kulisukuma droo ya chini, nyuma ya sukuma wiki.

"Andika jina," mke wangu aliniambia. "Hata mochari huandika."

Sikuandika.

Mjomba wangu wa Shinyalu hana habari ya kupiga simu kwanza. Siku hiyo nilirudi kazini nikamkuta kwenye kochi, anatazama taarifa ya habari, anatafuna. Kopo lilikuwa juu ya goti lake. Alikuwa ameenda kutafuta maji baridi.

"Mpwa wangu, huu mukombero wako ni mchanga sana. Hauna utamu, hauna harufu. Nani alikuuzia?"

Kwa msiotoka magharibi: mukombero ni mzizi unaouzwa kwa vifungu mjini Kakamega. Unautafuna, unaanza na uchungu kidogo, kisha utamu unakuja. Una sifa nyingine pia, ile inayowafanya wanaume waununue wakiangalia kando.

"Mjomba, huo si mukombero. Hilo ni ua."

"Usinionee haya. Mimi ni mwanaume kama wewe. Lakini kijana wa umri wako, kuuficha nyuma ya mboga!" Akautazama mlango wa chumba chetu, akatikisa kichwa.

"Ni ua, Mjomba. Limelala tu."

Akaacha kutafuna.

"Limelala?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwezi jana. Linahitaji baridi na muda, litaamka lenyewe."

Akanishika bega, akaniangalia vile watu huangalia jeneza la kijana. "Mkeo anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyesema niandike jina."

Hapo hakuuliza tena. Kwa afya yake sikuwa na wasiwasi sana, maana Wajapani hula machipukizi ya hosta kama mboga. Mbwa na paka ndio hosta huwadhuru. Wasiwasi ulikuwa simu yake. Kabla ya chakula cha jioni alitoka nje "kupunga upepo", na alipunga upepo kwa sauti ya chini muda mrefu. Usiku huo shangazi alimpigia mke wangu kumwambia avumilie, ndoa ni safari. Mama naye akaniuliza kama nakula mayai.

Kwenye kopo kilikuwa kimebaki kipande chenye jicho moja. Nikakirudisha baridini, safari hii na karatasi imeandikwa UA kwa herufi kubwa. Mke wangu alipoisoma alikaa chini jikoni, akacheka hadi akalia.

Jumamosi dereva wa matatu ya Kakamega akanipigia, kuna mzigo wangu stendi. Nikaenda. Konda akateremsha gunia zima la mukombero, lile la kuinuliwa na watu wawili, akasoma karatasi iliyobandikwa, kisha akapaza sauti stendi nzima isikie:

"Nani hapa ua lake limelala?"