Jimnastiki katika shule za Nairobi: kiasi gani kinafaa?

Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, ulioanza mwaka 1985, kipindi cha PE, yaani elimu ya viungo, kilikuwa kwenye ratiba, ila kwa kuwa hakikutahiniwa, walimu wengi walikigeuza kuwa kipindi cha Hisabati au cha kusahihisha mitihani ya majaribio, hasa katika darasa la saba na la nane. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umejaribu kulirudishia somo hilo heshima yake. Mtoto wa gredi za chini anatarajiwa kujifunza kubingirika, kuruka na kutua, na kusawazisha mwili, na wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 waliwekewa mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo miongoni mwa mikondo mitatu ya kuchagua. Jimnastiki, ambayo Wakenya wengi huitazama kwenye televisheni kila baada ya miaka minne wakati wa Olimpiki, sasa imo katika kazi ya mwalimu ambaye pengine hajawahi kuifanya hata mara moja.

Je, ifundishwe katika shule ya kawaida ya Nairobi, yenye uwanja wa changarawe au isiyo na uwanja kabisa, au iachiwe vilabu na vikundi vya sarakasi vyenye magodoro na wakufunzi? Naona kwamba ifundishwe, lakini ile ya sakafuni pekee, na kwa mipaka ambayo wanaoipinga wametusaidia kuiona. Hoja zao ni nzito kuliko watetezi wengi wa michezo wanavyokubali.

Ubishi wenyewe si mgeni. Una umri sawa na jimnastiki ya shuleni. Johann Christoph Friedrich GutsMuths, mwalimu katika shule ya Schnepfenthal, Ujerumani, alichapisha mwaka 1793 kitabu cha mazoezi ya vijana kilichoichukulia jimnastiki kuwa sehemu ya malezi: kukimbia, kuruka, kupanda, kusawazisha mwili. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi huko Hasenheide, Berlin, wakati Prussia ilikuwa bado inauguza jeraha la kushindwa na Napoleon mwaka 1806. Kwa Jahn, vijana wenye miili imara walikuwa maandalizi ya taifa imara, na pau sambamba, yaani fito mbili ndefu ambazo mtu hujiinulia kwa mikono, zilizotumiwa na wafuasi wake ndizo asili ya vifaa tunavyoviona Olimpiki hadi leo. Serikali iliogopa siasa za vijana waliokusanyika kwake. Alikamatwa mwaka 1819, na mazoezi hayo yakapigwa marufuku kuanzia 1820 hadi 1842.

Huko Stockholm, Uswidi, Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo chake mwaka 1813, alishika njia nyingine. Aliigawa jimnastiki katika matawi manne, ya malezi, ya kijeshi, ya tiba na ya uzuri wa miondoko, akataka kila zoezi liwe na sababu inayotokana na maumbile ya mwili. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na njia hizi mbili ziligongana Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1860, pale Hugo Rothstein, mkuu wa chuo cha kifalme cha jimnastiki na mfuasi wa Ling, alipoziondoa pau sambamba akidai kwamba zinadhuru mwili. Wanasayansi wakubwa wa wakati ule, wakiwemo Rudolf Virchow na Emil du Bois-Reymond, walizitetea, na mwishowe pau zikarudishwa. Nikisoma habari za mgogoro huo naona jinsi kifaa kilivyojadiliwa kwa kina, huku mwalimu anayesimama kando ya kifaa akisahaulika. Kwa shule zetu, mwalimu ndiye jambo kuu.

Njia ya Ling ilipata nguvu Uingereza kupitia Martina Bergman-Österberg, Mswidi aliyeajiriwa na bodi ya shule za London mwaka 1881, ambaye baadaye alifungua chuo cha walimu wa kike. Baada ya Vita vya Makaburu, serikali ya Uingereza ilileta shuleni mazoezi yenye sura ya kijeshi mwaka 1902, yakalalamikiwa, na mwongozo wa 1909 ukaegemea Uswidi. Mpaka leo ladha ya mistari na amri haijatutoka. Mwalimu anapowapanga watoto safu tano, akaamuru mikono juu, mikono kando, mikono chini kwa nusu saa, kisha akaandika kwamba ametimiza PE, anatembea katika njia hiyo ya zamani bila kujua ilikotoka.

Mageuzi yanayonielekeza upande wa kufundisha yalitokea Uingereza hiyohiyo katika miaka ya 1940 na 1950, mawazo ya mtaalamu wa dansi Rudolf Laban kuhusu miondoko yalipoingia shuleni. Badala ya kuonyeshwa umbo moja na kuliiga, mtoto alipewa jukumu la kutatua kwa mwili wake: vuka mkeka bila kutumia miguu, simama ukigusa ardhi kwa sehemu tatu tu za mwili, ruka, geuka, utue bila kishindo. Mtoto mnene, mwembamba, mwenye woga na asiye na woga, kila mmoja hupata jibu lake. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba mtoto anayeachwa atafute mwenyewe bila kufundishwa mbinu hubaki alipokuwa, na kwamba uhuru usio na mafunzo unaweza kuwa uvivu wa mwalimu uliovikwa jina zuri. Hata hivyo, kwa darasa kubwa lisilo na vifaa, majukumu ya aina hiyo yana faida ambayo njia nyingine hazina: watoto wote hufanya kazi kwa wakati mmoja, karibu na ardhi, na hakuna anayesukumwa kufanya asichokiweza.

Hoja kubwa ya wanaopinga ni shingo, na hapa inafaa tukae kidogo. Katika kubingirika mbele, mtoto huchuchumaa, huweka viganja vyote viwili chini, huinua makalio, huingiza kidevu kifuani, kisha uzito hupita kutoka mikononi hadi nyuma ya mabega na kwenye mgongo uliopinda. Utosi haupaswi kubeba chochote. Mtoto mwenye hofu hufanya kinyume: huinua kidevu ili aone anakokwenda, mikono ikalegea, na kichwa ndicho kikapokea mwili mzima. Kosa hilo hutokea kufumba na kufumbua, na mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto sitini hawezi kuwahi kulizuia. Tahadhari ya namna hii imewahi kutolewa hata penye vifaa tele: mwaka 1977 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka trampolini ziondolewe shuleni kwa sababu ya majeraha ya uti wa mgongo.

Lakini kuiondoa jimnastiki shuleni hakumwondolei mtoto wa Nairobi hatari hiyo. Katika mitaa ya Eastlands utakuta tairi kuukuu limefukiwa nusu ardhini, na watoto wanakuja mbio, wanalikanyaga, wanapinduka hewani na kutua kwenye mchanga au vumbi. Wanaigana wao kwa wao. Hakuna mtu mzima aliyewaambia kwamba mtu hutua kwa nyayo akikunja magoti, wala kwamba anayeanguka mbele kwa kasi ni heri abingirike kuliko kunyoosha mkono mmoja na kuvunja kifundo. Kujua kuanguka ni stadi ya maisha yote, na utotoni ndipo mwili unapoipokea kwa wepesi. Tena kule kuruka na kutua kwenyewe huimarisha mifupa inayokua. Kwa hiyo ningeanza na kutua, miezi kadhaa kabla ya kubingirika, na kubingirika kufanywe na watoto wanne au watano kwa zamu, juu ya godoro au majani mazito, mwalimu akiwa amepiga magoti kando yao, huku wengine wakisawazisha mwili au wakiruka kamba. Kusimama kwa kichwa, kupinduka hewani na kupandana mabegani kusiwepo kabisa katika kipindi cha kawaida, hata mwalimu akiwa hodari.

Kivuli kingine kinatoka kwenye jimnastiki ya mashindano. Nadia Comăneci wa Romania alipopata alama 10 kamili katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 alikuwa na miaka 14, na kwa muda mrefu dunia iliona utoto huo kuwa uzuri wa mchezo. Umri wa chini wa kushindana katika ngazi ya juu ulipandishwa hadi miaka 16 mwaka 1997. Kisha mwaka 2018, katika mahakama ya Michigan, zaidi ya watu 150 walieleza jinsi Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya Marekani, alivyowadhulumu kingono au kuwadhulumu watoto wao. Mzazi anayeyakumbuka hayo akasita mwanawe ashikwe kiuno na mwalimu ana sababu. Mazoezi ya sakafuni hupunguza haja ya kumshika mtoto, na pale inapolazimu, mtoto aelezwe kabla, na ifanywe mbele ya darasa zima. Mavazi nayo yasiwe kikwazo: msichana mwenye suruali ya michezo na hijabu iliyofungwa vizuri hana zoezi la msingi litakalomshinda, ilhali sketi ya shule humfanya msichana yeyote akae kando.

Wanaosema kazi hii waachiwe wanasarakasi wana nusu ya ukweli. Nairobi ina utajiri ambao miji mingi haina: vijana waliojifunza mtaani wakaishia kwenye sarakasi za Ulaya na Asia, wengine wakikuzwa katika ukumbi wa Sarakasi Dome, Ngara, uliokuwa zamani sinema ya Shan, na kwa miaka mingi wageni wa Bomas of Kenya wakishangilia minara yao ya watu. Hawa wanajua kumshika mtu anayeanguka kuliko walimu wengi wenye vyeti. Shule ingewaalika wawafunze walimu, nami ningefurahi sana kuona hilo. Hata hivyo kazi yao ni onyesho, na onyesho hutafuta kipaji. Shule inadaiwa pia na mtoto asiye na kipaji.

Kuhusu nafasi, jimnastiki inahitaji kidogo kuliko kandanda, na hilo limegeuka kuwa hoja ya kuitetea katika shule zilizobanwa za Mukuru na Mathare. Naikubali kwa shingo upande. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi walipopinga uwanja wao kuzungushiwa ukuta, na sitaki uchache wa nafasi inayohitajiwa na jimnastiki uwe kisingizio cha kumega viwanja vilivyobaki.

Linabaki suala la tathmini, ambalo kwangu ndilo litakaloamua kama somo hili litawafaa watoto. Jaji wa mashindano hukata alama kwa goti lililopinda. Mwalimu akifuata mkondo huo, mtoto mzito na mtoto mwenye ulemavu watawekwa katika kiwango ambacho CBC hukiita “chini ya matarajio” muhula baada ya muhula kwa sababu ya miili waliyozaliwa nayo. Ningependa miongozo ya tathmini imtake mwalimu aandike alichokiweza mtoto mwanzoni mwa mwaka na anachokiweza sasa, na kwamba mtoto aliyeogopa kuruka kutoka kwenye benchi Januari, kisha Oktoba akaruka na kutua kwa miguu miwili bila kushika chini, ahesabiwe kuwa amefikia matarajio, hata kama hajawahi kubingirika.