Sh1,420 kwa kila kichwa: mgao sawa na watoto wa visiwani Lamu

Matokeo ya mitihani yakitoka, Lamu huzuka ubishi ule ule. Kuna wanaosema watoto wetu wameonewa tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo washushiwe alama za kuingilia vyuoni na watengewe nafasi katika shule za kitaifa. Na kuna wanaojibu kwamba mtihani ni mmoja, silabasi ni moja, na serikali inatoa pesa zile zile kwa kila mtoto wa Kenya. Anayeanguka asimlaumu mtu. Nimezisikiliza pande zote mbili barazani na redioni, na kila moja ina hoja ya kweli. Ninachokosa ni mtu wa kuuliza vile pesa na walimu wanavyogawanywa kabla mtoto hajafika kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na hesabu. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na kapitesheni, yaani pesa ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi, iliyowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Mtoto wa Nakuru ni 1,420, mtoto wa Ndau, kisiwa chetu kimoja, ni 1,420. Ukitazama karatasi, hakuna aliyependelewa. Lakini shule yenye watoto elfu moja inapata Sh1,420,000, na yenye watoto 80 inapata Sh113,600, na zote mbili zinahitaji choo, mlinzi, ubao, paa lisilovuja na mtu wa kwenda mjini kufuata shughuli za ofisi.

Mwalimu mkuu mmoja wa visiwani aliwahi kunifungulia daftari lake la matumizi. Ukurasa mzima ulikuwa safari: nauli ya boti kwenda Amu (mji wa Lamu), hamali wa gatini, nauli ya kurudi, petroli. Vitabu na chaki vilikuja chini kabisa. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, mzigo hulala gatini na nauli hulipwa mara mbili. Nyuma ya ofisi yake, gredi ya nne na ya tano walikaa chumba kimoja, ubao umepigwa mstari wa chaki katikati, mwalimu mmoja akifundisha hesabu upande huu na Kiingereza upande ule. Nao walimu hupangwa kwa kufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo shule ndogo inabanwa kwa pesa na kwa watu pia. Ni kama kumpa mtu wa Shela, hapo jirani, na mtu wa Kiwayu, kule mbali, petroli kiasi kile kile, kisha ukawaambia wote wafike Amu saa mbili asubuhi.

Mambo haya yana historia. Serikali ya kikoloni ilitenga shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Uhuru ulifuta ubaguzi huo, lakini Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ukaweka kanuni kwamba pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa haraka, yaani kwenye ardhi yenye mvua, reli na barabara. Visiwa vya Lamu havikuwamo. Katiba ya 2010 ikaja kurekebisha: Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwe na mipango maalumu ya elimu kwa jamii zilizotengwa, na Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji, ambayo Lamu iliwekwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo kustahili. Lakini kifungu hicho kinataja maji, barabara, afya na umeme. Shule haikutajwa kwa jina.

Sasa tuwasikilize wanaopinga upendeleo, tena katika hoja yao nzito kabisa. Mwaka 2018 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Amina Mohamed, alishusha alama za kuingia vyuo vya ualimu kwa wanafunzi wa kaunti zilizo pembezoni. Nia ilikuwa njema: walimu wa bara walikuwa wanakimbia maeneo yenye mashambulizi, na mwenyeji akisomeshwa ualimu atabaki kwao. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, ikapinga. Wapinzani wakauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: mtoto wa Faza aliyekosa mwalimu mzuri wa hesabu, mnamletea mwalimu ambaye naye hesabu ilimshinda? Sijasikia jibu la kuridhisha. Ukishusha alama na ukaishia hapo, unamhurumia kijana mmoja huku darasa zima la baada yake likilipa.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka upendeleo wote ufutwe leo. Alama ya mtihani inapima akili na bidii, sikatai, lakini inapima pia kama ulikuwa na mwalimu wa fizikia. Kijana aliyepata C akiwa hana maabara huenda ana uwezo kuliko mwenziwe wa B aliyelipiwa masomo ya ziada tangu gredi ya kwanza. Kilichokosekana 2018, kwa maoni yangu, ni kumpa huyo wa C mwaka mmoja wa kuzibwa mapengo kabla ya kuanza chuo, kisha afanye mtihani wa mwisho ule ule wanaofanya wenzake.

Na sisi wenyewe wa Amu tujitazame, kwa sababu mnyonge naye huwa na mnyonge wake. Mji huu uliwahi kuifanya elimu kuwa mali ya wachache. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, mwanazuoni wa Kiislamu aliyetoka Ngazija, alipoanza kuwasomesha watu wa daraja la chini, wakiwemo watumwa na watoto wao, waungwana wa mtaa wa Mkomani hawakupendezwa. Leo Riyadha, msikiti na chuo alichoanzisha, ni fahari ya Lamu nzima, na ni haki yake, lakini ile tabia ya kuona elimu ina wenyewe haijatutoka.

Angalia Basuba, wadi ya bara wanakoishi Waboni, jamii ndogo ya msituni. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab ya 2014 na 2015, shule za Waboni kama Milimani, Mangai na Mararani zilifungwa kwa muda mrefu, na watoto wengine wakapelekwa bweni Mokowe. Nafasi maalumu inapotolewa kwa jina la Kaunti ya Lamu, nani ataiwahi? Ni mtoto wa mjini ambaye babake anajua fomu inapatikana ofisi gani na inafungwa lini. Mtoto wa Mangai anahesabiwa katika kuonyesha umaskini wetu, na wakati wa kugawa hakumbukwi. Dhuluma hii hatuwezi kuisukumia Nairobi.

Wapo wanaoshauri shule ndogo ziunganishwe kwenye mabweni makubwa. Ingeokoa pesa, na mwalimu wa kila somo angepatikana. Lakini mtoto wa miaka saba anatolewa kwa mamake na kwenye chuo chake cha Kurani, na wazazi wengi wakilazimishwa hivyo watampeleka mvulana, msichana abaki nyumbani. Kwa wakubwa bweni linafaa. Kwa wadogo, hapana.

Serikali itasema haina pesa, na kweli hali ni mbaya: Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hata ile kapitesheni ya Sh22,244 kwa mwaka ya mwanafunzi wa sekondari haitimizwi, zinapelekwa karibu Sh16,900. Mzazi wa Kakamega ambaye mtoto wake anabanana darasani naye ana haki ya kuuliza kwa nini Ndau ipewe zaidi. Jibu langu ni kwamba shule ndogo za visiwani na za msituni si nyingi, na watoto wake ni wachache. Kiasi cha msingi kisichohesabiwa kwa vichwa, kila shule ikipewa kabla ya kapitesheni, pamoja na nyumba ya mwalimu yenye maji, hakitaitikisa bajeti ya nchi.

Kaunti nayo isingoje. Basari zinagawanywa hapa hapa, katika wadi kumi tunazozijua zote. Orodha ya wanufaika ibandikwe kila mwaka ikionyesha kijiji cha kila mmoja na shule anayosoma, ili mzee wa Mangai akishuka Mokowe aweze kusoma mwenyewe, au asomewe, ni wangapi wametoka kwao.