Kabla Hujakopa Kujenga Mizigo

Kila mara hunijia watu wenye akiba ya kustaafu, wengi wao wa jeshini, wakitaka kujua nilivyojenga. Wameshaambiwa kwamba nyumba ya kupangisha hukuingizia pesa ukiwa umelala. Nina vyumba 6 Bweyogerere, vile tunavyoviita mizigo huku Kampala na viungani mwake: mlango mmoja, choo cha pamoja uani. Sijuti kujenga. Ila hesabu niliyopewa haikuwa ya kweli, na inaniuma kuona wengine wakipewa hiyo hiyo.

Hesabu ilikuwa hivi. Kila chumba shilingi 200,000 kwa mwezi, basi kwa mwaka ni 14,400,000. Kiwanja na ujenzi vilinila milioni 90, kwa hiyo baada ya miaka 6 na ushee pesa imerudi. Mwaka jana nilipokea 11,300,000. Chumba kimoja kilikaa wazi miezi 5, kingine 4. Mpangaji mmoja alihama usiku na deni la miezi 3. Wengine wakalipa nusunusu. Matengenezo na mshahara wa mwangalizi vikachukua 2,400,000.

Halafu URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hulipa ushuru wa asilimia 12 ya kodi anayopokea kwa wapangaji inayozidi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama hata moja. Kampuni huruhusiwa kuondoa sehemu ya gharama zake. Mimi mwenye vyumba 6 nikibadilisha mabati, kwa serikali ni kama sijatumia kitu. Ushuru nitalipa, lakini jambo hili si la haki, na wabunge walirekebishe. Mwisho wa yote nilibaki na kama 7,900,000. Haifiki asilimia 9 ya nilichoweka.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni choo. Nilidhani watu huhama kwa sababu ya kodi. Shimo lilipojaa msimu wa mvua, gari la kunyonya likashindwa kupita kwenye tope, na ndani ya wiki 3 familia 2 zikaondoka. Hakuna aliyegombana nami. Walifunga vitu vyao, wakaaga kwa adabu, wakaenda. Siku hizi nanyonya kabla ya mvua, hata kama shimo halijajaa, na nimeongeza choo cha pili na bomba. Umeme nao ulileta ugomvi tulipokuwa na mita moja: mwenye jiko la umeme na mwenye taa moja walitakiwa kuchanga sawa. Kila chumba kilipopata Yaka yake, yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kelele ziliisha.

Mama mmoja muuza matoke aliwahi kufikisha deni la miezi 3. Wenye nyumba wenzangu wakanishauri ning'oe mlango wake, kama wengi wafanyavyo hapa. Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inakataza kumtoa mtu bila amri ya mahakama, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Yule mama alikuwa na watoto wawili wadogo. Huo mlango ningeung'oa vipi? Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tukaandikiana makubaliano, akalipa kidogo kidogo. Alimaliza yote isipokuwa mwezi mmoja, nami nikamsamehe. Sheria hiyo inadai mkataba wa maandishi kuanzia kodi ya 500,000. Mimi naandika hata wa 200,000.

Kuhusu ardhi nitasema moja tu: ukinunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ya umiliki, ya mailo, ni ya mtu mwingine, usitoe pesa kabla mwenye hati hiyo hajakubali kwa maandishi.

Wiki iliyopita mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, alinionyesha karatasi za mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18, za kujengea mizigo 8. Nilimwambia, "Mzee wangu, vyumba vyangu havinipi hata nusu ya riba hiyo." Akasema vyake vitakuwa vizuri zaidi. Huenda. Nilimwomba asitie saini mpaka aje tukae wote pale uani siku ya kukusanya kodi, asikie kila mlango unasema nini. Amekubali. Anakuja tarehe 5.