Nailoni Kwenye Kisima cha Madron

Visima tunavyovitafuta mimi na rafiki zangu huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, si vya kuchota maji ya kupikia. Ni chemchemi zenye majina ya watakatifu, ambako watu walikwenda kuomba uponyaji. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII iliwaagiza makasisi wawahubirie waumini waache hija, na baadaye visima vingi vikamezwa na vichaka. Ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, huviandika kwa herufi za kizamani. Ukishaipata alama, kinachobaki ni matope na miiba.

Cha Madron, karibu na Penzance, kinajulikana, lakini wengi hawakifiki. Wanakuta miti kando ya kijito imejaa vitambaa, wanapiga picha, wanageuza. Kisima chenyewe kiko mbele zaidi, kinamasini. Ukitaka kukiona ukubali kulowa. Jirani yake pana magofu ya kanisa dogo ambamo maji hupita kwenye kona. Katika karne ya 17 Askofu Joseph Hall wa Exeter, Mprotestanti kabisa, alisimulia habari za kilema aliyeoga hapo akatembea.

Mimi mtoto wa pwani, kitambaa mtini hakinishangazi. Mizimuni kwetu tumeona bendera nyeupe na nyekundu, ubani na marashi. Kwa hiyo siwacheki. Ugomvi wangu ni nailoni. Mila ya kule ni kuchana kipande cha nguo, kukichovya majini, kupangusa panapouma, kisha kukifunga mtini. Kikioza, maradhi nayo yanakwisha. Sasa utepe wa plastiki utaoza lini? Kwa hesabu ya mila yenyewe, huyo mgonjwa haponi maisha, na tawi linanyongwa bure.

Mwenzetu mmoja anasema ukifungua kitambaa umeivunja dua ya mtu. Hoja hiyo naiheshimu kwa pamba, lakini kwa plastiki hapana. Wanaojitolea kutunza maeneo yale waiondoe bila kuomba radhi.

Safari ijayo tunakwenda kisima cha St Keyne, huko huko Cornwall, ambako hakuna cha kufunga. Wasemavyo wenyeji, kati ya mume na mke waliotoka kufunga ndoa, atakayetangulia kunywa maji yake ndiye atakayeitawala nyumba. Mmoja wetu ameoa karibuni. Mkewe, ambaye hajawahi kutaka kuja, ameshanunua buti.