Volti Tisa Tu, Jamani!

Hebu nielezeni. Umeme unatoka Bara, unapita chini ya bahari mpaka Fumba, hapa Unguja, unaingia mjini, unaparamia nguzo, unanifikia nyumbani volti 230 na wala haujalowa. Halafu unashindwa kuvuka kibao cha futi mbili nilichopangia pedali zangu za gitaa, vile vidude vya kukanyaga ili sauti ibadilike! Ukifika hapo tu unaanza kuvuma, mmmmm, mpaka bibi harusi anageuka kutafuta jenereta.

Na pedali zenyewe hazina makuu. Volti 9, basi. Distosheni, ile ya kukwaruza sauti, haimalizi hata miliampea 20. Korasi, ya kulifanya gitaa moja lisikike kama mawili, inazidi kidogo. Mlafi ni dilei, ile ya mwangwi, maana ni ya dijitali. Zikusanye zote nne, hazifiki miliampea 200. Taa ya chooni kwangu inakula zaidi.

Sasa nenda sokoni Darajani ukaitafute hiyo volti 9. Adapta zimening'inia dukani kama pweza wa Forodhani, na kijana wa duka ana adabu zake: "Ami, chukua hii ya kamera za ulinzi, volti 12. Tisa na kumi na mbili zinagombana nini? Unapata na nguvu ya akiba."

Akiba ya volti, mwanangu, ni moshi. Akiba inawekwa kwenye ampea: hata adapta ikiwa na ampea 2, pedali inachota inachotaka, hailazimishwi. Volti ndiyo haina maskhara.

Tukamaliza hilo, likaja la chanya na hasi. Adapta nyingi madukani chanya yake iko katikati ya plagi. Watengenezaji wa pedali wakaona hapana, zetu nyingi hasi ndiyo ikae katikati. Kwa nini? Ili mie niteseke. Na ile alama ya kukuonyesha ipi ni ipi wameichora nyuma ya adapta kwa udogo ambao hata fundi wa kuchonga milango ya Mji Mkongwe angeomba miwani.

Ati watu wanasema nunua waya wa matawi, adapta moja ilishe pedali zote. Rahisi, kweli. Lakini dilei inamwaga kelele zake kwenye waya huo huo wa ushirika, distosheni inazipokea kwa mikono miwili na kuzikuza. Dawa yake ni kisanduku ambacho kila tundu lina umeme wake mbali. Bei yake nimeiona, nikaizima simu. Na vile vya bei poa vimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba matundu yametengana. Chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye mlio, gusa hasi ya tundu hili na hasi ya tundu lile, ikilia ujue wamelala chumba kimoja.

Kinachoniuma hasa, kisanduku hakina sauti. Nalipia kimya! Hakuna atakayenifuata harusini aniambie, "Mashallah, umeme wako leo ulikuwa mtamu."

Basi nimekata shauri: tatu zitakula sinia moja kwa waya wa matawi, dilei apewe adapta yake peke yake. Kimya kimepatikana, bei ya mnyonge.

Ila sasa nahitaji soketi mbili, na ukumbini ekstensheni imeshajaa: mashine ya juisi, feni ya bibi harusi, chaja za kina mama. "Baba, chomoa kidogo hicho kidude chako, simu ya shangazi inazima."

Mzee wetu wa udi yuko pembeni anakaza nyuzi zake. Huyu, Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hakukosa hata harusi moja. Nikamwomba anisogezee plagi. Akainyanyua, akaigeuza geuza, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, unachopiga ni hiki, au ni gitaa?"